Mvua ya Bomba Yataka Fundi na Daftari



Mtu apitaye mitaa ya Milimani, mjini Kisumu, wakati wa kiangazi, huona nyasi za mbele ya nyumba fulani zikiwa kijani kibichi, na katikati yake kidude kinazunguka na kurusha maji huku na huku. Kidude hicho ndicho sprinkla. Wengi wetu hudhani ni anasa ya wenye majumba. Sivyo. Ile sprinkla yenye mkono unaogonga-gonga ilibuniwa mwaka 1933 na Orton Englehart, mkulima wa machungwa wa California, Marekani, kwa ajili ya miti yake. Basi chombo hiki kilianza shambani, kikaenda mjini baadaye.

Huku kwetu kimekwisha rudi shambani. Kutoka Kombewa ukiteremka kuelekea ziwani utaona sukuma wiki, vitunguu na mchicha vikinyweshwa kwa mvua ya bomba. Ninyi mlio katika skimu za makazi upande wa Muhoroni na Songhor, zilizoanzishwa miaka ya 1960, mnayo mito, nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo. Lakini nawaambieni kweli: kununua ni kazi nyepesi, kutunza ndiyo kazi. Sikilizeni kisa changu.

KOSA LANGU MWENYEWE

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, ana robo ekari karibu na ziwa. Alikopa katika chama chao cha akina mama akanunua pampu ya petroli na sprinkla nne. Akapanda vitunguu mwezi wa Januari, apate karo ya watoto. Siku moja akaniambia sprinkla zinazunguka polepole. Kwa kuwa mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, tena nilisomea ualimu, aliamini najua. Nikachukua oili ya injini, nikadondoshea kila kiungo.

Siku mbili zikaenda vizuri. Siku ya tatu shemeji alikwenda soko la Kibuye, akamwachia mtoto kazi ya kuwasha mashine. Aliporudi, sprinkla mbili zilikuwa zimesimama zikimwaga maji upande mmoja tu. Huku miche imezama katika tope, kule imekauka kwa jua. Karibu nusu ya vitunguu ilipotea.

Tulimwita fundi, kijana wa hapa hapa Kombewa. Akafungua kiungo akanionyesha mchanga ulioshikana na oili kama ugali. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, hiki chombo hulainishwa na maji yanayopita ndani yake. Ukitia oili, waukaribisha mchanga." Shemeji hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Shemeji, katika ofisi yenu hakuna kitabu kinachosema hivyo?" Kitabu kipo. Sikukisoma.

MAJI NI HESABU

Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Shikeni hilo, mengine yote yatafuata.

Sprinkla yenye tundu la milimita 4, ikipata msukumo wa kutosha kuinua maji meta 30, hutoa kama lita 1,000 kwa saa. Ukiziweka kila baada ya meta 12 kwa meta 12, kila moja yanywesha meta za mraba 144. Hiyo ni mvua ya milimita 7 kwa saa. Ukitaka milimita 25, washa kwa saa tatu na nusu.

Sasa tazameni hatari. Mchanga hula tundu. Likipanuka kutoka milimita 4 hadi 4 na nusu, maji yatokayo huzidi kwa zaidi ya robo. Pampu yako haikuongezeka nguvu, basi msukumo hupungua, na sprinkla za mwisho hutema maji karibu karibu tu. Mkulima hulaumu pampu, kumbe kosa ni tundu. Fundi mzuri hulipima kwa shina la keekee ya milimita 4. Likiingia na kucheza-cheza ndani, badilisha.

JARIBIO LA MAKOPO

Jaribio hili halina gharama. Tafuta makopo 16 yaliyo sawa, yenye kuta zilizosimama wima, kama yale ya mafuta ya kupikia. Yapange kwa safu kati ya sprinkla nne, kwa nafasi zilizo sawa. Washa mashine saa moja, kisha pima kina cha maji kwa rula ya mtoto wa shule. Kama kopo moja lina milimita 8 na jingine 3, mimea yako haili sahani moja.

Tena tazama maji yenyewe. Yakianguka kwa matone makubwa, yakafanya duara mbali na sprinkla na kuacha pakavu katikati, msukumo ni mdogo. Yakitoka kama ukungu, msukumo umezidi. Jaribu asubuhi mapema, maana mchana upepo wa ziwa huyachukua. Asubuhi ndiyo saa njema ya kunywesha pia, kwani majani hupata kukauka. Nyanya hazipendi kulowa majani, huleta baka. Zinyweshe kwa mifereji.

PAMPU NAYO

1. Isiwekwe juu sana. Ziwa letu liko kama meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, basi pampu haivuti maji vizuri ikizidi meta 6 juu yake. Lakini isifungwe kwa saruji ukingoni. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likafunika mashamba mengi.

2. Ijazwe maji kabla ya kuwashwa. Ikizunguka kavu, sili huungua kwa muda mfupi.

3. Chujio la mwisho wa bomba la kuvutia maji litiwe ndani ya kikapu na lining'inizwe, lisiguse tope. Mizizi ya gugumaji huliziba. Lisafishwe kila siku.

4. Oili ya injini mpya ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100, au kama kitabu chake kisemavyo. Petroli isitiwe mashine ikiwa moto, wala isimwagwe ziwani.

5. Kuchota maji ya ziwa au mto kwa mashine kwataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa Sheria ya Maji ya 2016. Ulizeni kabla ya kununua.

FUNDI NI MTU WA MAANA

Wako wakulima wamwitao fundi siku mashine inapokufa tu, kisha wabishane naye juu ya malipo mimea ikikauka. Haifai. Mwite mara mbili kwa mwaka, kabla ya kiangazi kuingia: mwezi wa Desemba, na tena mwezi wa Juni mvua za masika zikiisha. Patana naye malipo kwanza. Afungue mbele ya macho yako, naye akupe mkononi kila kifaa cha zamani alichokitoa. Fundi akataaye hayo, tafuta mwingine.

Na ninyi wazazi wenye vijana waliomaliza shule wakikaa bure, fikirini kazi hii. Vyuo vya ufundi vya kaunti hufundisha kazi ya bomba na injini, na mtihani wa ufundi wa Serikali una daraja la tatu, la pili na la kwanza. Kijana mwenye spana chache, keekee na pete za mpira za akiba aweza kutengeneza sprinkla za shambani wiki hii, na za nyasi za Milimani wiki ijayo, maana chombo ni kile kile.

Mwisho, wekeni daftari. Andikeni tarehe, saa mashine iliyofanya kazi, siku oili ilipobadilishwa, na kifaa kilichonunuliwa. Shemeji alipanda tena, akachelewa kuuza, na karo ya muhula ule ililipwa nusu nusu. Deni la chama amekwisha kulimaliza. Daftari lake limetundikwa kwa uzi mlangoni pa banda la pampu, nami kila nimtembeleapo hulitazama kwanza kabla ya kuketi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla kiangazi hakijaingia, tafuteni makopo 16, mjaribu.