Mgeni Daqing: Maisha Ndani ya Mji wa Mafuta

Kijana wa Kitanzania au wa Kiganda akipata ufadhili wa kusomea uhandisi wa mafuta nchini China, kichwani huwa na Shanghai au Beijing. Barua ya chuo inaweza kuja na jina jingine: Daqing. Mji huo uko mkoa wa Heilongjiang, kaskazini-mashariki ya mbali, kwenye tambarare ya vinamasi na maziwa kiasi cha kilomita 150 kutoka Harbin. Ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Petroli cha Kaskazini-Mashariki. Wageni wa nje ni wachache, na wengi wao ni wanafunzi, walimu wa lugha na wahandisi wa kiwanda cha magari ya Volvo.

Anayetaka kuishi vizuri huko aanze kwa kujua jinsi mji wenyewe ulivyozaliwa. Kisima kilitangulia, mji ukafuata. Tarehe 26 Septemba 1959 kisima cha utafiti kilitoa mafuta kwenye nyika iliyokuwa na watu wachache tu, na mwaka uliofuata wafanyakazi na askari waliotoka jeshini wakamiminika kwa maelfu. Walilala kwenye mahema, kisha kwenye nyumba za udongo walizojishindilia wenyewe. Wang Jinxi, kiongozi wa timu ya uchimbaji aliyetoka Yumen, alijitosa kwenye dimbwi la matope ya saruji na kuyakoroga kwa mwili wake ili kuzuia kisima kisifumuke. Picha yake ingalipo kila mahali mjini. Mwaka 1964 Mao aliagiza viwanda vyote vya China vijifunze kutoka Daqing, na bado mahali mji ulipo palikuwa siri ya serikali. Kuanzia 1976 hadi 2002, miaka 27 mfululizo, eneo hilo lilitoa zaidi ya tani milioni 50 za mafuta kila mwaka.

Kazi hiyo yote ilifanywa na mwajiri mmoja, na mwajiri huyo ndiye aliyejenga nyumba, hospitali, shule, mabomba ya kupasha joto na hata mashamba ya kulisha watu. Ndiyo sababu makazi yametawanyika: mitaa ilifuata visima, na kati ya wilaya za Sartu, Ranghulu na Longfeng kuna nafasi pana za majani na maji. Pampu za mafuta zinainuka na kuinama katikati ya maghorofa, kando ya maduka. Mengi ya yale aliyojenga mwajiri huyo yamehamishiwa serikali ya mji au watu binafsi, lakini desturi haijafutika. Mtu huulizwa kwanza anatoka taasisi gani. Mgeni asiye na taasisi huonekana kama mtu asiye na mahali.

Sheria nayo inakwenda na desturi hiyo, na hapa ndipo vijana wetu wengi huumia. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe kituo cha polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hotelini wahudumu humwandikisha wenyewe. Nyumbani kwa rafiki hakuna wa kumfanyia. Akipuuza anaweza kupewa onyo na kutozwa faini hadi yuani 2,000. Aliyeingia kwa viza ya kazi au ya masomo ya muda mrefu ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, na lazima apimwe afya. Muda ukimpita, kila siku ya kukaa bila kibali inaweza kumgharimu yuani 500, mpaka zifike 10,000, au akawekwa ndani siku 5 hadi 15.

Kibali cha kazi hutolewa kwa kazi ile na kwa mwajiri yule. Ukitaka kuhamia kwa mwingine, mwajiri wa kwanza anapaswa kukuandikia barua ya kukuachia na kibali chake kifutwe. Akikasirika na kuikalia barua, umekwama. Katika mji mkubwa utapata wakili aliyezoea kesi za wageni, Waafrika wenzako waliopitia hayo, pengine ubalozi. Ukiwa Daqing, ubalozi wako uko Beijing, mbali sana, na ofisa wa uhamiaji anayekusikiliza huenda anafahamiana na mwajiri wako kwa miaka mingi.

Nisisitize hasa habari ya kufundisha Kiingereza, kwa sababu mawakala wanaipamba. Kwa kawaida mamlaka za China hutaka mwalimu wa lugha awe raia wa nchi ambako lugha hiyo ni ya kuzaliwa, na orodha inayotumika ni Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Mtanzania au Mkenya mwenye Kiingereza safi anaweza kukubaliwa akiwa na sifa za ualimu, ila njia ni nyembamba. Wakala anapokuambia uingie kwa viza ya biashara au ya masomo, "mengine yatanyooka ukishafika," anakuingiza kwenye kosa. Faini ya kazi isiyo halali ni yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito kuna kuwekwa ndani. Shule iliyokuajiri hufunguliwa Jumatatu kama kawaida.

Baridi ni kali lakini ina utaratibu. Usiku wa Januari vipimo hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na hata mtu wa nyanda zetu za baridi kama Makete au Limuru hajawahi kukutana na kitu cha namna hiyo. Ndani ya nyumba hakuna taabu, maana joto la pamoja hupita kwenye mabomba ya mtaa mzima kuanzia Oktoba hadi Aprili. Vaa nguo nyepesi kwa tabaka, koti zito juu yake, ili uweze kuvua uingiapo. Kinachochosha zaidi ni giza. China nzima inafuata saa ya Beijing, na kwa kuwa Daqing iko mashariki, jua la Desemba huzama karibu na saa kumi jioni. Sisi wa ikweta tumezoea magharibi ya saa kumi na mbili mwaka mzima; mwili hupata shida, na moyo pia. Anayejiona anakosa usingizi na hamu ya kula asijifungie bwenini.

Kuna mema ambayo wengi hawayatarajii. Kichina cha kaskazini-mashariki kiko karibu sana na Kichina sanifu, kwa hiyo unachofundishwa darasani unakisikia sokoni. Kodi ya nyumba ni nafuu sana ukilinganisha na Beijing. Mwislamu atapata tambi za Lanzhou katika migahawa ya Wahui, Waislamu wa China, yenye kibao cha chakula halali. Watu watakukodolea macho na kuomba picha, jambo linaloudhi likirudiwa kila siku, ila wengi wao ni watoto wa wahamiaji waliotoka mikoa mingine, na wanajua ugeni ni nini.

Na mwanafunzi wa mafuta anajifunza kitu kinachotuhusu moja kwa moja. Mafuta ya Daqing yana nta nyingi na huganda yakipoa hadi takriban nyuzi 30, hivyo hayasafiri bila kupashwa moto. Mafuta ya Uganda nayo yana nta, na ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linahitaji kupashwa joto. Uzoefu wa miaka zaidi ya 60 wa kuyasafirisha mafuta ya namna hiyo uko Daqing.

Mji wenyewe unapungua. Mwaka 2002 maelfu ya wafanyakazi waliopunguzwa waliandamana kudai stahili zao, na kati ya sensa ya 2010 na ya 2020 idadi ya watu ilishuka kutoka milioni 2.9 hadi milioni 2.78. Mwajiri anayekuahidi kazi ya miaka mingi huko anaahidi katika uchumi unaosinyaa.

Kwa hiyo, kabla hujasaini, linganisha jina la taasisi lililo kwenye mkataba na lile lililo kwenye karatasi za kibali cha kazi. Kama hayafanani, usikate tiketi.