Kompyuta Haijafa, Imekatiwa Huduma

Malalamiko wanayopelekewa mafundi wa kompyuta siku hizi yanafanana. Mwenye steshenari anasema mashine yake inawaka vizuri, inachapa barua na kuprinti, lakini akitaka kumsaidia mteja kuomba mkopo wa chuo au kujaza ritani ya kodi, ukurasa haufunguki. Mwalimu anasema programu anayohifadhia mafaili yake mtandaoni imemwandikia kwamba mfumo wa kompyuta yake hautumiki tena, kisha ikajifunga. Wote wawili hawakuharibu kitu. Hawakuangusha mashine, hawakuingiza virusi, hawakusahau nywila. Halafu anatokea mtu wa kuwaambia: hiyo imekufa, nunua nyingine.

Hasira yao ni ya haki, nami niko upande wao. Ila kabla mtu hajatoa laki kadhaa kununua mashine nyingine, ajue kwanza ni kitu gani hasa kimekatika. Mara nyingi si kompyuta.

Kompyuta iliyoungwa kwenye intaneti haifanyi kazi peke yake. Kila unapofungua tovuti, kivinjari chako kinaanza mazungumzo na seva iliyo mbali: vinatambuana, vinakubaliana namna ya kuficha siri, ndipo ukurasa unaletwa. Mashine yako inaweza kukaa miaka kumi bila kubadilika. Upande wa pili hubadilika kila mara. Siku seva ikianza kudai utaratibu ambao kivinjari chako hakiujui, mazungumzo yanavunjika, nawe unabaki na maandishi ya kosa ambayo hayakuelezi lolote.

Chukua Windows 7. Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Kesho yake hakuna kompyuta iliyozimika, na wengi wakaona tangazo lile ni vitisho vya wafanyabiashara. Kishindo kilikuja mwanzoni mwa 2023, Google ilipofanya Chrome 109 kuwa toleo la mwisho kukubali Windows 7 na Windows 8.1. Programu nyingi za kuchati na za mikutano zimejengwa juu ya injini ileile ya Chrome, kwa hiyo nazo zikafuata mkondo. Kwa hiyo mtumiaji aliyepuuza tarehe ya 2020 alikuja kuumia miaka mitatu baadaye, akiwa ameshasahau kabisa kwamba kulikuwa na tarehe. Sasa ni zamu ya Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukisikia mtu anasema yake bado inapiga kazi kama kawaida, anasema kweli. Hata Windows 7 ilipiga kazi.

Kuna kosa moja, hata hivyo, ambalo halihusiani kabisa na maamuzi ya kampuni hizo, na linawafanya watu wengi kutupa mashine nzima bure. Kivinjari kinaandika kwamba muunganisho si salama, na kinafanya hivyo kwa karibu kila tovuti. Kabla ya yote, tazama saa na tarehe kwenye kona ya chini ya kioo. Kama inasoma mwaka 2012, umepata mgonjwa wako. Kila tovuti salama ina cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kompyuta huzilinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Mashine inayoamini kwamba tuko 2012 inaona cheti cha mwaka huu kama kitu ambacho bado hakijaanza kutumika, nayo inakikataa.

Rekebisha tarehe, fungua tovuti tena. Ikikubali, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, subiri, kisha iwashe. Tarehe ikirudi nyuma tena, betri ya saa iliyo kwenye madabodi imeisha. Ni kidude cha duara kinachong'aa, ukubwa wake kama sarafu, na kwenye kompyuta nyingi za mezani kimeandikwa CR2032. Madukani kinauzwa bei ndogo sana ukilinganisha na bei ya kompyuta. Fundi mwaminifu hukibadilisha kwa dakika chache. Asiye mwaminifu anakuuzia laptopu.

Tatizo la vyeti lina sura nyingine pia. Kompyuta hubeba orodha ya mamlaka za kutoa vyeti inazoziamini, na orodha hiyo husasishwa pamoja na mfumo endeshi. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha cheti kimoja cha zamani ambacho tovuti nyingi mno zilikitegemea kupitia shirika la Let's Encrypt. Vifaa vilivyokuwa vimepata cheti mbadala havikuhisi kitu, lakini Mac za miaka ya nyuma ambazo hazikuwa zimesasishwa zilianza kukataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka. Wengi waliokwama waliokolewa na Firefox, kwa sababu kivinjari hicho kinakuja na orodha yake chenyewe badala ya kutegemea ile ya mfumo. Ndiyo maana kwenye mashine ya zamani nashauri kivinjari cha pili kijaribiwe kabla ya kukata tamaa.

Je, kampuni zina sababu za kuacha mifumo ya zamani? Zinazo, na mtumiaji azijue. Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia kwenye kompyuta katika nchi zaidi ya 150, vikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za umma Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kirekebisho tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, na wale ambao mifumo yao ilikuwa mikongwe kiasi cha kutopewa tena virekebisho kwa kawaida. Kwa hiyo mashine isiyopata masasisho ni hatari ya kweli, hasa ikiwa unaitumia kufungua akaunti ya benki.

Ninapokataa ni pale usalama unapogeuzwa kisingizio cha kufungia nje mashine zenye nguvu za kutosha. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa kompyuta za Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi hicho kilianza kuuzwa 2017. Maana yake ni kwamba mtu aliyenunua kompyuta mpya kabisa mwaka huo, yenye kizazi cha saba, alifungiwa mlango baada ya miaka minne tu. Microsoft yenyewe ilikuwa ikiuza Surface Studio 2 yenye prosesa ya kizazi cha saba. Ikaiingiza prosesa hiyo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Mstari ulisogezwa kwa ajili ya mashine ya mwenye kampuni. Wateja wa chapa nyingine wenye prosesa nyingi za kizazi hichohicho wakaachwa nje. Huo si uadilifu.

Na sisi Afrika Mashariki tunaupata mzigo huu kwa uzito zaidi, kwa sababu kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba kutoka Ulaya na Dubai. Zinatufikia zikiwa zimekula sehemu kubwa ya muda wake wa kuhudumiwa. Muuzaji atakusifia RAM, atakusifia SSD, atakuonyesha kioo kisicho na mkwaruzo. Hatakuambia kizazi cha prosesa.

Kisome mwenyewe. Fungua sehemu ya mipangilio inayoonyesha taarifa za kompyuta, utafute jina la prosesa. Kwa Intel za familia ya i3, i5 na i7, angalia namba inayofuata baada ya kistari. Kwenye i5-6300U inaanza na 6, kwa hiyo hicho ni kizazi cha sita, na rasmi Windows 11 haiikubali. Kwenye i5-8350U inaanza na 8, hiyo inakubalika. Kwenye i7-10510U zinaanza tarakimu mbili, nacho ni kizazi cha kumi. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa madukani, ni ya kizazi cha sita. Ukiikuta tayari imepigwa Windows 11, jua kwamba masharti yamerukwa. Itafanya kazi, lakini Microsoft haitoi ahadi ya kuipa masasisho, na bei yake inapaswa kulingana na ukweli huo. Kuongeza RAM au kuweka SSD kutaifanya iwe nyepesi, hakutabadilisha kizazi chake.

Kwa aliyenayo tayari, njia zipo. Windows 10 ina mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipiwa dola 30, au unapatikana bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Hiyo ni pumzi ya muda. Njia ya kudumu zaidi ni kuhamia Linux. Linux Mint 22 inatosheka na RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazofaa, na itapata masasisho hadi 2029. Usiipige moja kwa moja. Iweke kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, kisha jaribu printa yako, skana yako na tovuti unazozitegemea kwa riziki. Kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu ya Windows pekee, au mafaili ya Excel yenye makro, Linux inaweza kukukwamisha. Bora ulijue hilo mapema, kabla hujafuta chochote.

Wauzaji wa kompyuta za mtumba, andikeni kizazi cha prosesa kwenye kibandiko cha bei, pamoja na tarehe ambayo masasisho ya mfumo uliomo yanakoma. Nanyi mnaounda mifumo ya huduma za umma, ijaribuni kwenye kompyuta zilizomo katika steshenari za wilayani kabla ya kufunga milango kwa vivinjari vya zamani, na mkilazimika kufunga, toeni taarifa ya Kiswahili miezi kadhaa kabla, ikitaja tarehe na kitu ambacho mwananchi anatakiwa kufanya.