Je, Wajua? Kocha Aliyeng'atuka, Akarudi

Je, wajua kwamba Guy Roux alikabidhiwa timu ya Auxerre, nchini Ufaransa, mwaka 1961 akiwa kijana wa miaka 22? Auxerre ni mji mdogo kando ya mto Yonne, wenye wakazi wasiofika 40,000. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1905 na padri, Abbé Deschamps, na uwanja unaitwa kwa jina lake hadi leo. Roux aliikuta timu ikihangaika kwenye ligi za mkoa. Mwaka 1979 aliifikisha fainali ya Kombe la Ufaransa ingali daraja la pili, ikafungwa na Nantes. Mwaka uliofuata ikapanda ligi kuu, na mwaka 1996 ikabeba ubingwa wa ligi na kombe kwa msimu mmoja.

Fedha hakuwa nazo, kwa hiyo alilea vijana. Eric Cantona na Basile Boli walipikwa hapo, na baadaye Djibril Cissé. Alikuwa mzazi mkali kwelikweli. Husimuliwa kwamba alikuwa na marafiki kwenye vituo vya kulipia ushuru katika barabara kuu ya kwenda Paris: mchezaji akipita usiku kwenda kustarehe, kocha anapigiwa simu. Asubuhi huchungulia kwenye gari la kijana kuona limetembea kilomita ngapi.

Mwaka 2000 aling'atuka. (Neno hili tunalo kwa hisani ya Mwalimu Nyerere, aliyelichota kutoka lugha yake ya Kizanaki.) Akamwachia mikoba Daniel Rolland, lakini mwaka mmoja tu baadaye alikuwa amerudi kwenye benchi lake. Mwaka huohuo wa 2001 alifanyiwa upasuaji wa moyo, na bado akarudi kazini. Kombe la Ufaransa akalitwaa mwaka 2003 kwa bao la mchezaji wake Boumsong la dakika ya 89 dhidi ya Paris Saint-Germain, kisha tena mwaka 2005, ndipo akaaga.

Wala hakutulia. Mwaka 2007, akiwa na miaka 68, klabu ya Lens ilimtaka. Kanuni ziliweka ukomo wa miaka 65 kwa makocha, hivyo mkataba wake ulikataliwa kwanza, kisha ukaruhusiwa. Alidumu mechi nne za ligi akajiuzulu. Mimi naamini Roux hakuwa ameishiwa maarifa. Pale Lens hapakuwa na vijana aliowalea mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake.

Je, wajua kwamba Alex Ferguson naye alishatangaza kwamba angeondoka Manchester United mwaka 2002? Siku ya Krismasi ya 2001 alikuwa amesinzia kwenye kochi nyumbani. Mkewe, Cathy, akampiga teke mguuni kumwamsha, watoto wao watatu wa kiume wakiwa nyuma yake, akamwambia kwamba hastaafu. Mzee akatii. Baada ya hapo alitwaa mataji sita ya ligi na moja la Ligi ya Mabingwa, hadi alipoondoka mwaka 2013.

Jupp Heynckes aliondoka Bayern Munich mwaka huohuo wa 2013 na mataji matatu mkononi. Oktoba 2017 akaitwa kuokoa jahazi akiwa na miaka 72, na akatwaa ubingwa wa Ujerumani. Hapa Afrika, Hervé Renard aliiacha Zambia mwaka 2010, akarudi 2011, na Februari 2012 akaipa Kombe la Afrika kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Ivory Coast. Marcello Lippi hakubahatika hivyo: aliipa Italia Kombe la Dunia mwaka 2006, akaondoka, akarudi, na mwaka 2010 akatolewa hatua ya makundi.

Roux anashikilia rekodi ya mechi 894 za ligi kuu ya Ufaransa akiwa kocha, 890 kati ya hizo akiwa na Auxerre. Auxerre yenyewe ilishuka daraja mwaka 2012, miaka saba baada ya yeye kuondoka.