Injini umenunua, breki je? Maswali ya kumuuliza kijana anayeunda gari nyumbani

Dar es Salaam. Chupa ilikuwa ya soda, ya nusu lita. Ndani yake kulikuwa na maji ya kijani yanayong'aa, mfano wa juisi za rangi wanazouziwa watoto nje ya shule. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa ameshafungua kifuniko.

Bibi yake, aliyekuwa barazani akichagua mchele, alitupa ungo chini na kumfikia kabla chupa haijafika mdomoni. Mchele ulimwagika wote. Hakuna aliyeuzungumzia.

Haikuwa juisi. Yalikuwa maji ya rejeta, yale ya rangi ambayo mafundi huyaita kulanti. Mdogo wangu alikuwa ameyakinga saa moja kabla, alipokuwa anashusha injini ya gari lake uani kwa mama, Tabata. Alikosa chombo, akachukua chupa iliyokuwa karibu.

Naandika habari za afya. Nimeshawahi kuandika kuhusu sumu majumbani na kuwashauri wazazi wafiche mafuta ya taa na dawa za panya. Sikuwahi kufikiria kwamba hatari kubwa kuliko zote nyumbani kwetu ingekuwa inashinda uani, imefunikwa turubai, na wote tunaizunguka tukienda kuanika nguo.

Ndoto ya Altezza

Mdogo wangu ana miaka 24. Aliuza pikipiki yake akanunua Toyota Altezza iliyokufa injini. Wanaojua magari wanaielewa: ni gari dogo la milango minne lenye umbo la kimichezo, lililotengenezwa kati ya 1998 na 2005, ambalo nje ya Japani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Vijana wengi wa mjini wanalipenda kwa sababu linaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, na chini ya boneti lina nafasi ya kutosha injini kubwa zaidi.

La kwake lilikuwa na injini ya lita 2.0, yenye nguvu farasi zipatazo 160. Yeye alitaka kufunga 1JZ-GTE, injini ya lita 2.5 yenye turbo, iliyokuwa inafungwa kwenye magari kama Chaser na Mark II. Toyota iliitangaza kuwa na nguvu farasi 280. Ni karibu mara mbili ya ile aliyoishusha.

Injini za aina hiyo nchini huwa zimetumika. Gari la nje lililogongwa au kuchakaa hukatwa, na sehemu yake ya mbele huuzwa na injini, giaboksi, nyaya na kontroli boksi yake. Fundi anaihamishia kwenye gari jingine: anatengeneza vishikizo vipya vya injini, anaunganisha upya propela, anachomelea ekzosi na kusuka nyaya. Ni kazi ya akili. Nilimwona mdogo wangu, ambaye sekondari hisabati zilimshinda, akikaa usiku na mchoro wa nyaya mamia, akizifuata moja baada ya nyingine kwa kidole.

Kwa hiyo sisemi kijana akatazwe. Anayeshinda chini ya boneti hashindi kijiweni, na ufundi wa magari ni ajira. Ninachosema ni kwamba gari likiundwa nyumbani, nyumba inageuka gereji, na gereji ina sheria zake.

Vimiminika vinavyofanana na vinywaji

Tuanze na ile chupa. Kulanti nyingi zina kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Ina ladha tamu, ndiyo maana mtoto akiionja haitemi. Kiasi kidogo tu kinaweza kumdhuru vibaya.

Inadanganya pia. Saa za mwanzo mtoto anaweza kuonekana kama aliyelewa: anayumba, anatapika, anasinzia. Baadaye anaweza kuonekana ana nafuu, wazazi wakapumua, huku sumu ikiendelea kushambulia figo. Tiba ipo hospitali, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema.

Ukihisi mtoto amekunywa, usisubiri dalili. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ukidhani yanakata sumu. Mkimbize hospitali na ubebe chupa yenyewe, ili daktari ajue anapambana na nini.

Petroli ina hatari nyingine. Mtoto akiinywa kisha akatapishwa, inaweza kuingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Kijana anayenyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi anajiweka kwenye hatari hiyohiyo.

Betri ya zamani ina tindikali na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoathirika zaidi, hasa ubongo unaokua. Betri isikae mahali watoto wanapochezea mchanga.

Oili chafu nayo isimwagwe uani. Ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa mara kwa mara kwa miaka mingi. Fundi avae glavu, na nguo za gereji zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi za mtoto.

Moshi usioonekana

Injini mpya inahitaji ekzosi mpya, na kwenye magari haya mara nyingi hutengenezwa kwa mkono. Kiungo kimoja kikivuja, moshi unapanda. Ukuta unaotenganisha injini na abiria nao huwa umetobolewa kupitisha nyaya. Tundu lisipozibwa vizuri, moshi unaingia ndani.

Hatari kubwa kwenye moshi huo ni kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa ingawa mtu anapumua. Watoto wanapumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo hupata madhara mapema.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Wazazi wengi wataona mtoto analegea kwenye kiti cha nyuma na kusema, "Huyu safari hazimpatani." Angalia hivi: kama kichwa kinawauma watu zaidi ya mmoja ndani ya gari, na kinapungua mkishuka, fungueni madirisha, zimeni gari, shukeni wote na mwende hospitali.

Injini isiachwe ikiunguruma ndani ya banda au karibu na dirisha la chumba cha kulala, hata kwa dakika chache za kuijaribu.

Injini kubwa, breki zilezile

Wiki ile injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, majirani walitoka kuangalia. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka. Akamwambia mama kwamba Jumapili atampeleka kanisani kwa gari.

Mama, ambaye hajawahi kushika usukani, aliuliza swali moja: "Injini umenunua. Breki je?"

Kimya.

Breki zilikuwa zilezile. Hapo ndipo penye kosa linalojirudia kwa vijana wengi: fedha zote zinaishia kwenye kukimbia, kusimama kunaachwa mpaka "mambo yakikaa sawa".

Hesabu yake ni rahisi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne. Kama gari linahitaji mita 14 kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa, kutoka kilomita 100 litahitaji mita 56, bila kuhesabu muda ambao dereva anashtuka na kuinua mguu. Mita 56 ni zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira.

Breki ndogo zikikamatwa mara kwa mara kwenye mwendo mkubwa hupata moto na kupoteza nguvu. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi huwa yamenyonya unyevu. Yakipata moto yanachemka, na pedali inazama bila gari kusimama.

Kwa mujibu wa WHO, ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mdogo wangu yumo kwenye umri huo. Mwanangu anaukaribia.

Spea ambazo si za mtumba

Giaboksi iliyotumika ikigoma, gari litasimama na mtarudi kwa bodaboda. Kuna vifaa vingine vikigoma hamrudi.

Mkanda wa kiti ni kimoja. Mkanda uliokuwa kwenye gari lililogongwa unaweza kuwa umeshavutika na kufanya kazi yake ya mwisho. Kwa macho unaonekana mzima. Usinunue mkanda uliochomolewa kwenye gari la ajali.

Mifuko ya hewa, au eabegi kama mafundi wanavyoiita, ni kingine. Mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yaliitwa kurudishwa duniani kwa sababu ya vilipulizio vya mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani. Kemikali iliyokuwamo iliharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na kilipulizio kilipofyatuka kilirusha vipande vya chuma. Marekani peke yake watu zaidi ya 20 walikufa. Sisi tunaishi kwenye joto na unyevu mwaka mzima. Mfuko uliotolewa kwenye gari usilojua historia yake usifungwe mbele ya uso wa mtu.

Jambo linalosahaulika: kijana akibadilisha usukani na kuweka ule mdogo wa kimichezo, mfuko wa hewa wa dereva umeondoka nao. Huo usukani mzuri hauna kitu ndani.

Pedi za breki zinunuliwe mpya. Za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, ambayo vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Matairi yana umri, na umri wake umeandikwa ubavuni. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Kadi na bima

Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini ikibadilishwa, kadi na gari havisemi tena kitu kimoja. Kijana adai risiti na nyaraka za injini anayonunua, ili asije kuwa amenunua mali ya wizi, kisha apeleke mabadiliko hayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambako magari husajiliwa.

Kampuni ya bima nayo ielezwe. Bima iliyokatwa kwa gari la lita 2.0 inaweza kuleta ubishi siku ya ajali, wakati familia iko wodini na haina nguvu ya kubishana.

Masharti ya mama

Baada ya ile chupa, mama hakupiga kelele. Alimwita mdogo wangu barazani, akampa masharti matatu.

La kwanza, hakuna kimiminika cha gari kitakachowekwa kwenye chombo cha chakula au kinywaji. Kila kimoja kiwe na dumu lake, kiandikwe, kifungiwe kwa kufuli. La pili, mtoto asivuke kamba ya kuanikia nguo gari likiwa juu, na yeye mwenyewe asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake; aweke stendi za chuma kwanza. La tatu, hakuna mtu wa nyumba ile atakayepanda mpaka breki zifungwe na fundi mwingine, si rafiki yake, alikague.

Sharti la tatu lilimuuma. Lilimchelewesha wiki 10. Alifanya vibarua gereji ya mtaa wa pili mpaka akapata fedha za breki kubwa za mbele, pedi mpya, mipira mipya na mafuta mapya ya breki. Fundi aliyelikagua alikuta kiungo cha ekzosi kinavuja, karibu kabisa na tundu la nyaya. Likachomelewa upya, tundu likazibwa.

Jumapili moja asubuhi lilitolewa uani. Mwanangu alifungwa nyuma kwenye kiti chake cha mtoto. Mama alikaa mbele, akavuta mkanda kwa nguvu mara tatu, ukakaza mara tatu.

"Twende," akasema. "Ufike kwenye tuta la kwanza usimame, nione."