Mwanafunzi, chunga maneno yaliyobeba hukumu!

Je, umewahi kurudishiwa insha chuoni ikiwa imejaa wino mwekundu, na pembeni mhadhiri ameandika, "Haya ni maoni yako tu"? Usife moyo. Kosa si kuwa na maoni, bali ni kuyapenyeza katika insha kana kwamba ni ukweli usio na mjadala.

Chukua mfano wa Dedan Kimathi. Ukiandika kwamba alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari, 1957, baada ya kupatikana na hatia ya kumiliki bastola, umetaja jambo linaloweza kuthibitishwa. Ukimwita "gaidi", umemhukumu kama walivyomhukumu wakoloni. Ukimwita "shujaa", hiyo pia ni hukumu, hata kama wengi wetu tunaikubali.

Tena maneno hayo si mchezo. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka wa 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka wa 2003, miaka 40 baada ya uhuru!

Basi utayatambuaje maneno ya aina hii? Kwanza, tazama vivumishi kama "mbaya" au "wa kusikitisha". Pili, chunguza viambishi: mtu akiitwa "kijitu" au "jizee", tayari amedharauliwa. Tatu, pima vitenzi. Ukiandika kwamba mtu "alidai", umemshuku. Ukiandika "alikiri", umempata na kosa. Lakini "alisema" haliegemei upande wowote. Na usisahau "eti", neno dogo linalomgeuza mwenzako kuwa mwongo.

Je, uyafute yote? La hasha! Insha isiyo na msimamo ni mchuzi usio na chumvi. Siri ni hii: tanguliza ukweli, kisha utoe hukumu yako waziwazi pamoja na sababu. Mathalani: "Namwona Kimathi kuwa shujaa kwa sababu alivumilia maisha ya msituni akipigania ardhi na uhuru, hadi alipokamatwa mwaka wa 1956." Asiyekubaliana nawe sasa ana hoja ya kujibu.

Nawe mzazi, leo Jumapili keti na mwanao mlisome gazeti hili pamoja, mkipigia mstari kila neno lililobeba hukumu. Hata makala haya msiyahurumie.