Trela ya Kulala Katika Shamba la Mbali

Wako wakulima wa skimu wenye shamba la pili mbali na nyumbani, mahali pasipo na nyumba wala stima. Wakati wa kuvuna viazi huwabidi kukaa huko juma zima, na wengine wanauliza habari za trela yenye chumba cha kulala, kama zile ambazo watalii huvuta kwa motokaa wakienda kupiga kambi. Ni chombo kizuri, lakini chataka hesabu kabla ya kutoa fedha.

Hesabu ya kwanza ni uzito. Kitabu cha gari huonyesha kilo ambazo gari hilo laweza kuvuta. Usiulize uzito wa trela tupu tu, maana vitanda, vyombo, chakula na maji vyote vitavutwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Watu watatu wakitumia lita 10 kila mmoja kwa siku, kwa siku saba ni lita 210, yaani uzito unaopita magunia manne ya kilo 50. Kama kuna kisima karibu na shamba, safiri na maji ya kunywa njiani tu, ujaze tangi ukifika.

Trela yenye kilo 1,000 yapasa kuegemeza kilo 100 hadi 150 juu ya kichwa chake kinachoshikana na gari. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli, mbele yake kidogo. Nilipata kuona trela iliyopakiwa magunia ya viazi nyuma kabisa. Kwenye mteremko ilianza kuyumba kama mkia wa ng'ombe afukuzaye nzi, ikaliburuta gari mpaka mtaroni. Dereva alipona, viazi tuliviokota mpaka jioni.

Ukinunua trela iliyokwisha kutumika, bonyeza sakafu na pembe zake kwa kidole gumba. Ubao ukibonyea, umeoza kwa maji. Tazama pia ubavu wa tairi: tarakimu nne 2316 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2016. Tairi ya trela isimamayo sana huzeeka kabla ya meno yake kwisha.

Kwa taa tatu ndogo, redio na simu mbili, wati 130 za saa moja zatosha usiku mmoja. Betri ya sola ya volti 12 na ampea 50 ina wati 600 za namna hiyo, lakini tumia nusu tu isife mapema. Hivyo utapata usiku mbili bila jua. Betri ya kuwashia motokaa haifai kazi hii.

Sasa jambo la uhai. Kinangop iko juu zaidi ya meta 2,400, na baridi ya usiku humshawishi mtu kuingiza jiko la makaa. Usifanye hivyo kamwe, hata dirisha likiwa wazi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Chukua blanketi zaidi, upikie nje. Mtungi wa gesi nao ukae nje, katika sanduku lenye matundu upande wa chini, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hushuka.