Uwanja Mmoja, Ngoma Mbili

Mwezi wa Juni ukiingia katika nchi ya Usukuma, mvua huwa zimekoma, nafaka imekwisha kuwekwa ghalani, na pamba yaanza kuchumwa. Huo ndio wakati wa ngoma. Kutoka Mwanza mjini mpaka Magu na Kwimba, jioni husikika ngoma zikijibizana, na watoto hawatumiki tena.

Ngoma ni furaha ya watu wote. Lakini furaha hiyo ina kazi nyuma yake ambayo mtazamaji haioni: nani alichagua uwanja? Nani alipima nafasi ya kurushia majembe? Chatu alilala wapi jana, na atarudishwa na nani? Ngoma iliyokosa majibu ya maswali hayo huishia katika vumbi na matusi, na pengine katika damu. Ndiyo maana leo twataka kuzungumza juu ya uwanja na vyombo, kwa faida ya vijana wenye vikundi na ya wazazi wanaowaruhusu kwenda.

MCHEZO WENYEWE

Mgeni hudhani kwamba ngoma ya Kisukuma ni ya kupendeza macho tu. Sivyo. Ni mashindano, tena ni maigizo. Pande ni mbili, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwako watu wawili, mabingwa wa dawa na wa ngoma, ambao ni Ngika na Gumha. Kila mmoja alisema dawa yake ina nguvu kuliko ya mwenzake. Ubishi wao ukaamuliwa kwa ngoma: wacheze, na watu waamue. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na wafuasi wa Gumha ndio Bagalu.

Sheria ya mchezo ni rahisi, lakini ni kali. Pande zote mbili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu na karatasi. Mtazamaji ndiye mwamuzi, naye huamua kwa miguu yake: akivutwa na hawa, huja huku, wale wakifanya ajabu kubwa zaidi, hukimbilia kule. Upande uliokusanya umati mkubwa ndio ulioshinda.

Kwa hiyo kila manju hutafuta jambo la kuwashangaza watu. Wengine walitegemea dawa ya mvuto, iitwayo samba. Wengine walichonga sanamu za mti zenye viungo vinavyocheza, mikono ikipanda na kushuka, mpaka watoto wakapiga kelele. Wengine walileta wanyama hai. Na vyama vya kazi na vya uwindaji vina maigizo yao. Bayeye, wajuzi wa nyoka, hucheza na chatu shingoni. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu. Bagobogobo ni wakulima. Ngoma yao ilianza shambani, wakilima kwa kufuata mdundo, na uwanjani hurusha majembe juu, yakazunguka hewani, wakayadaka bila kukosa pigo.

Mcheza anapoingia uwanjani na jembe au nyoka, huwa anaigiza maisha ya watu wake. Chombo alichoshika si pambo. Kikikosekana au kikivunjika, hadithi imekufa.

BULABO YA BUJORA

Mahali panapojulikana sana kwa mashindano haya ni Bujora, karibu na Kisesa, katika njia ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Hapo Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la White Fathers aliyetoka Quebec, Kanada, alifanya kazi pamoja na wazee wa Kisukuma katika miaka ya 1950 na 1960, wakakusanya ngoma za watemi, viti, mavazi na vyombo vya ngoma, wakajenga nyumba ya makumbusho. Wenyeji walimpa jina la Fumbuka.

Kazi hiyo ilikuja kwa wakati wake. Miaka mingi mapadre na wachungaji wengi walizitazama ngoma hizi kwa mashaka, kwa ajili ya dawa zake. Kisha mwaka 1963 utemi ukaondolewa kwa sheria, na vyombo vingi vya watemi vingeweza kupotea. Clement hakuwaambia watu watupe ngoma zao. Aliuliza ni ipi inayoweza kuingia katika sikukuu ya Kanisa, na ni kipi kinachostahili kutunzwa ili wajukuu wakione.

Hivyo sikukuu ya Ekaristi Takatifu ikawa mwanzo wa Bulabo. Neno hilo kwa Kisukuma ni maua, yale yanayopamba njia ya maandamano. Baada ya maandamano huja ngoma, na Bagika na Bagalu hukutana tena.

Wala Wasukuma si watu wa kwanza kuifanya siku hiyo kuwa siku ya maigizo. Sikukuu hiyo iliwekwa na Papa Urban IV mwaka 1264. Baadaye, katika mji wa York, Uingereza, mafundi wa mji walikuwa wakiigiza siku hiyo habari za Biblia, tangu kuumbwa kwa dunia mpaka siku ya hukumu, juu ya magari yaliyovutwa njiani na kusimama katika vituo kama 12. Michezo ilikuwa kama 48. Waunda merikebu ndio waliopewa mchezo wa Nuhu akijenga safina. Waoka mikate walipewa Karamu ya Mwisho. Tazama hekima hiyo: chombo kilikabidhiwa kwa mtu anayekijua. Utaratibu nao ulikuwa mkali. Wachezaji walitakiwa kuwa tayari kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri, na chama kilichoharibu mpango kilitozwa faini. Michezo hiyo ilidumu mpaka mwaka 1569.

UWANJA NI SEHEMU TATU

Kikundi kinapochagua uwanja hutazama kwanza mahali pa wachezaji. Yafaa kitazame sehemu tatu: ya wachezaji, ya watazamaji, na ya njia.

Mahali pa wachezaji pafagiliwe na kuokotwa mawe, miiba na vipande vya chupa, maana wengi hucheza miguu mitupu. Mwanza ni nchi ya majabali, na uwanja unaoonekana sawa huficha ncha za mawe. Asubuhi pamwagiwe maji kidogo, vumbi litulie. Wanaorusha majembe wapewe nafasi pana, na mtazamaji wa kwanza akae mbali kuliko jembe linavyoweza kuruka likimponyoka mtu. Kila jembe likazwe katika mpini wake kabla ya kuingia. Jembe legevu ni kama panga lililotupwa gizani.

Mahali pa watazamaji pawe na kamba au mstari wa chokaa. Watoto wakae mbele, chini, wakubwa wasimame nyuma. Usipopanga hivyo, mtoto atapenya kati ya miguu ya watu na kutokea mbele ya mcheza.

Njia ndiyo inayosahauliwa. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu umati hauketi. Husogea kama maji. Watu 500 wakigeuka kwa ghafula kukimbilia upande wa pili, aliyeanguka hataonekana. Kwa hiyo ngoma mbili zisikaribiane mno, na kati yake pasiwe na mabanda ya chai, baiskeli, pikipiki wala mashimo. Iweko pia njia moja ya pembeni isiyozibwa na mtu, ya kumtolea aliyezimia au aliyeumia.

Neno la moto pia. Ngozi ya ngoma ikipoa hulegea, na wapigaji huiwasha moto wa majani ili iwambike tena. Katika kiangazi majani ni makavu na upepo wa ziwa una nguvu. Moto huo uwe mahali pamoja, penye udongo mtupu, na ndoo ya maji kando.

VYOMBO VINA MWENYEWE

Twajua vikundi vilivyokufa si kwa kukosa wachezaji, bali kwa kukosa mtunzaji. Ngoma iliachwa sakafuni, mchwa wakala mti na panya wakala ngozi. Njuga ziliazimwa kwa harusi, hazikurudi. Jembe la kuchezea lilikwenda shambani likakatika.

Dawa yake ni ndogo. Kikundi kichague mtu mmoja, mwaminifu, awe mtunza vyombo. Awe na daftari: chombo gani, cha nani, kimetoka lini, kimechukuliwa na nani, kimerudi katika hali gani. Ngoma zitundikwe au ziwekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta na mbali na moshi mwingi. Mavazi yakaushwe jasho kabla ya kufungwa. Kila chombo kitazamwe kabla ya mchezo na baada ya mchezo, siyo siku ya pili watu wakiwa wametawanyika.

Vyombo vya kale visichukuliwe uwanjani bila sababu. Ngoma ya mtemi aliyekufa zamani si ya kupigwa na kila kijana. Ichongwe nyingine inayofanana nayo, ndiyo itumike. Wala vyombo hivyo visiuzwe kwa mtalii kwa bei ya siku moja. Huko Bujora vipo vyombo vya Bagika na vya Bagalu katika nyumba moja. Mahasimu wa uwanjani wamekuwa majirani katika makumbusho.

HABARI YA NYOKA

Hapa hatuna budi kusema wazi. Chatu hana sumu, lakini ana nguvu. Akimzunguka mtu kifuani au shingoni aweza kumnyima pumzi. Asichezwe na mtu mmoja peke yake, wala asipewe mtoto amshike kwa ajili ya picha. Mwenye kumcheza awe na wasaidizi wawili wanaojua kumfungua. Sanduku lake liwe na hewa, kivuli na kifuniko cha kufungwa, na awekwe mtu wa kulilinda mpaka mwisho.

Tena, wanyama wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kikundi kinachotaka kumfuga chatu au kutumia ngozi ya mbega hakina budi kwenda kwanza kwa maofisa wa wanyamapori kuomba kibali. Wengi wameona kwamba nyuzi za katani zilizotiwa rangi hupendeza kama manyoya, na nyoka wa mti mwenye viungo huchekesha umati kama yule wa kweli. Kazi hiyo ya kuchonga sanamu zinazocheza ni urithi wa Wasukuma wenyewe, haikuazimwa kwa mtu.

Bayeye wana sifa ya kujua dawa za nyoka, na ujuzi huo unastahili heshima. Lakini mtu akiumwa na nyoka mwenye sumu, asicheleweshwe uwanjani. Asichanjwe, jeraha lisinyonywe, wala kiungo kisifungwe kwa kamba ya kukaza. Alazwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali upesi. Mwanza kuna hospitali kubwa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeuhesabu uumaji wa nyoka miongoni mwa magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, maana waliokufa wakingoja ni wengi.

ASIYEKUBALI KUSHINDWA

Liko jambo moja lisiloweza kufungwa kwa kamba wala kuandikwa katika daftari, nalo ni moyo wa mshindani. Kumwona mtazamaji wako akiondoka katikati ya wimbo kwauma. Wakati huo ndipo manju mwenye busara hujulikana. Huongeza ufundi, haongezi matusi. Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Na tena: ngoma ikivuma sana, haikawii kupasuka.

Kwa hiyo yafaa wakuu wa pande mbili wakutane siku kadhaa kabla ya mashindano. Wakubaliane mipaka ya uwanja, saa ya kuanza na saa ya kwisha, vyombo vinavyoruhusiwa, na watu wa kulinda amani, nusu kutoka kila upande. Pombe iuzwe mbali, au isiuzwe kabisa. Mchezo ufungwe kabla ya jua kuzama, watoto wafike nyumbani mwanga ungalipo.

Nanyi wazazi, msiwazuie vijana wenu bila kuuliza. Ulizeni: nani anatunza vyombo? Njia ya kutokea iko wapi? Nyoka analindwa na nani? Mkipata majibu, waacheni waende, tena nendeni pamoja nao. Kijana aliyefunzwa kukaza jembe kabla ya kulirusha, kuandika jina lake anapochukua njuga, na kumpa mkono aliyemshinda, amejifunza mengi zaidi ya kucheza.